Je, wajua kwa nini mtaro wa zege hupasuka mapema?

Tukuyu, mkoani Mbeya, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 tu, humwaga lita 5,000. Mtaro wa kuzipokea ukipasuka, saruji ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi kosa ni maji yaliyozidi kwenye zege, au udongo ulio chini yake.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatosheka na lita 25 za maji, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Maji yakizidi, zege hulainika na fundi hulimwaga kwa urahisi, lakini ziada hiyo ikikauka huacha vitundu. Zege husinyaa, likapasuka. Kwa mfuko mmoja weka mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20 na kokoto ndoo saba. Usipime kwa koleo, halijazi sawa mara mbili.

Udongo wa majivu ya volkano, kama ule wa kuzunguka Mlima Rungwe, ni mwepesi na hubebwa na maji haraka. Ushindilie, kisha utandaze kokoto au moramu sentimita 10 na kushindilia tena. Ukiacha pengo chini, zege linabaki linaning'inia, na uzito wa gari moja unalivunja. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita. Vuta uzi, usikadirie kwa macho. Kila mita 3 acha maungio na uyajaze lami, ili zege likisinyaa lijitenge hapo.

Saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, hutumia klinka kidogo, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji. Klinka huchomwa kwa nyuzi joto 1,450 hivi, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa, hivyo mtaro unaojengwa mara mbili huchafua hewa mara mbili. Kwa mitaro ya nyanda za juu ningechagua hiyo, ila hukomaa polepole: imwagilie siku 14, si 7, na Juni na Julai ifunike kwa magunia usiku. Baridi ya Makete na Njombe huchelewesha zege kushika.

Mwisho wa mtaro panga mawe makubwa. Bila hayo, maji huchimba shimo pale yanapoangukia, na shimo hilo hurudi nyuma hadi chini ya zege.