Usahaulifu wa kijamii na safari ya neno «kipande»

Usahaulifu wa kijamii ni hali ya jamii kuizoea haki iliyopatikana kwa taabu, na kuizoea haraka kiasi kwamba kizazi kinachofuata hudhani ilikuwapo siku zote. Hali hii haina budi kutofautishwa na kutojua historia, kwa kuwa aliyesahau anaweza kukutajia tarehe ya uhuru bila kusita, ila asijue babu yake alikatazwa kufanya nini katika siku ya kawaida ya kazi.

Nchini Kenya, wapo wanaokiita kitambulisho cha taifa «kipande» bila kinyongo chochote. Kipande cha asili, hati ya utambulisho na kazi, kilitokana na sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kukibeba, mara nyingi kikiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wenyewe walikifananisha na mbugi, kengele ya mbuzi. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, kabila, jina la mwajiri na mshahara, na mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakutia sahihi ya kumruhusu aondoke hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku, mwanasiasa aliyeupinga utawala wa kikoloni, ambaye kukamatwa kwake Machi 1922 kuliuleta umati mbele ya kituo cha polisi Nairobi, nao ukapigwa risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kilifutwa, ukaletwa usajili wa watu wa rangi zote. Neno likabaki, uchungu wake ukayeyuka.

Lililosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni la karibu zaidi: usajili huo uliendelea kuwa wa wanaume hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa mtu mzima wa miaka 28 ndipo sheria ikamtambua kuwa anastahili kitambulisho, na wajukuu wake wengi hawajawahi kulisikia hilo.

Chanzo cha usahaulifu huu ni kwamba haki iliyokamilika haimgusi tena mwenye nayo. Anayekitoa kitambulisho mfukoni kusajili laini ya simu au kufungua akaunti ya benki hahisi lolote, kwa hiyo humshangaa asiye nacho na kumuuliza kwa nini haendi tu ofisini kukichukua. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya kwa miongo mingi bila kutambuliwa kuwa raia. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kuelekea Nairobi, kuomba kadi ambayo wenzao huiacha kila siku mezani kwa bawabu wanapoingia majengoni, na mara nyingine huondoka wakaisahau.