Redio ya wanafunzi haikuzaliwa na FM
Wengi husimulia kwamba redio za wanafunzi wa vyuo nchini Marekani zilianza miaka ya 1960, zikija na FM na muziki wa roki. Sivyo. Mwaka 1936 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, walikuwa tayari hewani, ingawa "hewani" hapa ni kusema tu: matangazo yao yalisafiri kwenye nyaya zilizounganisha mabweni. Chumbani, redio ikiwa karibu na waya, ulisikia vizuri. Ukitoka nayo nje, sauti ilififia mpaka ikapotea. Huenda ndiyo maana wa nje hawakuwa na habari. Leseni za FM za wati 10 zilifuata mwaka 1948, na hata hizo ziliitangulia roki.