Kwa nini tundu la milimita 10 halitoki milimita 10

Nikiletewa mchoro ulioandikwa ±0.05 kwenye kila kipimo, yaani kisizidi wala kupungua zaidi ya milimita 0.05, kabla ya kuwasha leza ya kukatia mabamba ya chuma huwa namuuliza mwenye kazi swali moja: kipande hiki kinakutana wapi na kingine? Mara nyingi jibu ni matundu mawili na ukingo mmoja. Vipimo vingine vyote vingeweza kulegezwa na kazi ikakaa sawasawa. ISO 2768, kiwango cha kimataifa cha vipimo visivyoandikiwa kikomo chake, katika daraja m (la wastani) inaruhusu ±0.3 kwa urefu unaozidi milimita 30 hadi 120, na kwa kazi nyingi za mabamba hiyo inatosha kabisa.

Ubishi huanzia kwenye karatasi ya sifa za mashine. Imeandikwa humo kwamba kichwa kinafika kilipoagizwa kwa usahihi wa 0.03 au 0.05, na mteja anadhani hiyo ndiyo toleransi (tofauti inayoruhusiwa) ya kipande atakachopewa. Lakini namba hiyo inahusu mwendo wa kichwa tu. Kipande chenyewe kinakatwa kwa joto, na joto lina mambo yake.

La kwanza ni upana wa mkato. Mwali wa leza unakula chuma unapopita, kwa bamba jembamba kati ya milimita 0.1 na 0.3 hivi. Kwa hiyo programu husogeza njia ya mwali kando ya mstari wa mchoro kwa nusu ya upana huo. Sasa tuseme programu imeambiwa 0.2 na mkato halisi ni 0.3. Kila upande umeliwa 0.05 zaidi: tundu la 10 linatoka 10.1, na mraba wa 50 unatoka 49.9. Ndiyo maana nikibadilisha aina ya bamba, au hata pua ya kichwa, nakata kwanza kipande kidogo cha mraba chenye tundu katikati. Nje ikipungua na tundu likizidi kwa kiasi kilekile, tatizo ni upana wa mkato, na linarekebishwa kwa kubadili namba moja. Vipimo vyote vikipungua pamoja kulingana na urefu, nashuku joto: kipande kilikatwa kikiwa cha moto, kikapoa, kikasinyaa. Chuma cha kawaida chenye urefu wa mita 1 hubadilika kama milimita 0.12 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Alumini karibu mara mbili ya hapo.

Unene nao una yake. Kwenye bamba nene ukuta wa mkato hausimami wima kabisa, hivyo tundu lina kipenyo kimoja juu na kingine chini. Kalipa, kile kifaa cha kupimia kwa taya, ikiingizwa juu tu inadanganya. Mimi napima pande zote mbili, kisha napitisha pini ya kipimo, kwa sababu bolti itapita pale pembamba zaidi. Kiwango cha ISO 9013, kinachohusu mikato ya joto, kinalegeza toleransi kadiri bamba linavyonenepa, na ni haki kufanya hivyo.

Gesi inayopulizwa kwenye mkato nayo ina athari. Kwa oksijeni tahadhari inaongezeka, kwa kuwa gesi hiyo inaunguza chuma na kuongeza joto lake yenyewe. Tundu lenye kipenyo kidogo kuliko unene wa bamba linaelekea kuharibika. Nitrojeni inapuliza tu chuma kilichoyeyuka, na ukingo unabaki safi.

Kuna jambo ambalo programu hailitibu: mkazo uliobaki ndani ya bamba tangu liliposindikwa kiwandani. Ukikata ukanda mrefu na mwembamba, ukiachiliwa tu unapinda kama upinde, hata kama mashine ilipita pale ilipotakiwa. Husaidia kuacha vishikizo vidogo na kuukata upande wake mmoja mmoja kwa kupishana, ila bamba lililonyooshwa vizuri ndilo dawa hasa.

Na tundu la kukalia beringi? Tundu la milimita 10 kwa H7, daraja la toleransi kwa matundu ya kukaza vizuri, linaruhusiwa kuzidi 0.015 tu, bila kupungua hata kidogo. Usimdai mtu wa leza hilo. Mwambie akate dogo zaidi, halafu limaliziwe kwa keekee na rima, kifaa cha kusawazisha tundu hadi kipimo kamili. Muachie nyama ya kutosha, yaani chuma cha ziada cha kukwangua, kwa sababu ukingo wa chuma chenye kaboni nyingi hukakamaa ukipigwa na joto, na ncha ya kifaa inapaswa kuuma chini ya tabaka hilo gumu. Ikiteleza juu yake inakuwa butu upesi.