Nani Huchagua Orodha ya Wapiga Kura ya Kimaori? Ufafanuzi kwa Familia Zenye Vijana

Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia New Zealand, ambazo baadhi sasa zina wakwe na wajukuu Wamaori (wenyeji wa asili wa nchi hiyo), zimekuwa zikituuliza iwapo kijana mwenye damu mchanganyiko, au asiyejua Kimaori, anaruhusiwa kujiandikisha katika orodha ya wapiga kura ya Kimaori, yaani ya wanaochagua wabunge wa majimbo ya Kimaori. Anaruhusiwa.

Kinachotazamwa ni nasaba. Hadi mwaka 1975 sheria ya uchaguzi ilipima sehemu ya damu, na mtu alihesabiwa Mmaori akiwa na nusu au zaidi. Kipimo hicho kilifutwa, lakini bado tunakisikia majumbani na shuleni, kana kwamba miaka hii yote haijapita. Fomu huuliza iwapo una asili ya Kimaori. Ukijibu ndiyo, unachagua orodha ya Kimaori au ya jumla. Hakuna mtihani wa lugha, na rangi ya ngozi haihusiki.

Suala la lugha linahitaji uungwana zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamaori wengi walihamia mijini, na wapo wazee walioadhibiwa shuleni kwa kuzungumza Kimaori, wakaamua kutowarithisha watoto wao maumivu hayo. Shule za awali za kohanga reo, zinazolea watoto kwa lugha ya Kimaori na zilizoanza mwaka 1982, zimerudisha lugha kwa wengi, lakini si kwa wote. Binti aliyelelewa Auckland au Brisbane anaweza kuwa anajua pepeha yake tu, yaani kuutaja mlima, mto na mtumbwi wa wahenga wake, aliyojifunza kwa simu usiku wa kuamkia mazishi ya bibi yake, kisha akaisema kwa sauti ya kutetemeka mbele ya wazee kwenye marae, yaani uwanja wa jadi wa mikutano ya Wamaori. Kumwambia huyo kwamba si Mmaori kamili ni kumuonea. Katika sensa ya 2023, watu 978,246 walitaja asili ya Kimaori, lakini waliojitambulisha kuwa Wamaori walikuwa 887,493. Tunaamini baadhi ya wanaosita wamechoshwa na kuhojiwa.

Kujiandikisha katika iwi, yaani kabila husika, ni jambo tofauti: huko kijana hutaja wazazi, mababu na marae yao, na mara nyingi mzee huthibitisha.

Kuhusu utaratibu wa kupiga kura, mwenye miaka 16 au 17 anaweza kutuma fomu mapema, na jina lake huingia kwenye orodha afikishapo 18. Tangu 31 Machi 2023, kubadili orodha kunaruhusiwa wakati wowote, isipokuwa ndani ya miezi 3 kabla ya uchaguzi mkuu au uchaguzi wa serikali za mitaa wa kila miaka 3, na pale uchaguzi mdogo unapokaribia katika jimbo lako. Kujiandikisha ni lazima kwa kila mwenye sifa, wakiwemo wakazi wa kudumu waliowahi kuishi nchini kwa miezi 12 mfululizo. Asiyejiandikisha anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 100 kwa kosa la kwanza, na dola 200 akirudia.