"Dini yetu hairuhusu": Sheria ya Mtoto inasemaje

Dhana: Katiba inanipa uhuru wa kuabudu, kwa hiyo naweza kukataa mwanangu asitibiwe.

Hii nimeisikia Tabora mjini, Urambo, Kaliua, mpaka imenichosha. Mtoto kaletwa amelegea, viganja vimekuwa vyeupe, malaria imemmaliza damu, kipimo cha wingi wa damu kinasoma chini ya 4, na baba ananitajia Ibara ya 19. Haya, tuisome, ila usiishie hapo. Nenda mpaka Ibara ya 30, isemayo haki zako usizitumie kwa kuingilia haki za wengine. Huyo aliyelala kitandani ndiye mwingine. Kisha fungua Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8: ni marufuku kumnyima mtoto matibabu kwa sababu ya dini au imani nyinginezo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa kuongezewa damu, shauri lake. Aliye chini ya miaka 18 huwezi kumkatia shauri hilo. Wala hakuna aliyekukataza kuomba. Mlete mchungaji, mlete shehe, asimame upande huu wa kitanda, na damu iendelee kuingia upande ule.

Dhana: Degedege ni mashetani, akichomwa sindano atakufa.

Degedege la mtoto mara nyingi ni homa kali au malaria iliyopanda kichwani. Kinachoua ni kuzungushwa kwa waganga huku muda unakwenda. Ndiyo, Sheria ya Tiba Asili ya 2002 inawatambua waganga. Haikuwapa kibali cha kumzuilia mtoto njiani.

Dhana: Baba yuko kwenye shamba la tumbaku, mama hawezi kusaini ridhaa ya matibabu.

Anaweza. Mama, saini.

Dhana: Chanjo ni hiari ya mzazi.

Kifungu hicho hicho cha 8 kinaitaja chanjo waziwazi.

Dhana: Mbona Marekani wanaruhusu?

Baadhi ya majimbo yao yana misamaha ya kidini, kweli. Lakini Mahakama ya Juu yao ilishasema mwaka 1944 kwamba mzazi yuko huru kujitoa mhanga mwenyewe, si kumtoa mwanawe. Halafu hapa ni Tabora.

Dhana: Mtoto wa jirani hayanihusu.

Sheria inakutaka utoe taarifa. Nenda ofisi ya mtaa au kijiji, au piga 116, ni bure. Ukipiga, taja kitongoji na jina la mwenyekiti. Usiseme "nyumba yenye mwembe". Tabora nzima ina miembe.