Ufasaha si lafudhi

Wiki iliyopita nimelisikia tena lile kosa la kuchanganya ufasaha na lafudhi. Binti wa jirani yetu, anayesomea uzamivu wa kemia Marekani, hakufaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza ambao chuo chake huwapa wanafunzi wa kigeni kabla ya kuwaruhusu kufundisha. Habari zilipofika nyumbani, mjomba wake akamaliza mjadala: "Huyo hana ufasaha. Lafudhi ya Kisukuma haijamtoka." Sebule nzima ikaitikia. Mimi nilinyamaza, maana yule ni mkubwa wangu na palikuwa na wageni. Nilichokimeza siku ile nakiandika hapa.

Kwanza jambo lenyewe, kwa ufupi. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anaweza kusamehewa ada na kulipwa posho, naye kwa malipo hayo akafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza: anasimamia maabara, anaongoza vikundi vya majadiliano, anasahihisha kazi zao. Mara nyingi ni kazi ya saa 20 kwa wiki. Huyo ndiye TA, yaani mwalimu msaidizi, wa kule, na asichanganywe na TA wa vyuo vya Tanzania, ambaye ni mwajiriwa aliye kwenye ngazi ya kwanza ya uhadhiri. TA wa Marekani akiwa ametoka nchi nyingine, chuo humtaka athibitishe kwamba Kiingereza chake cha kuzungumza kinatosha kufundishia. Sharti hilo ni tofauti na lile la kupokelewa chuoni. Mtu anaweza kupokelewa bila mtihani wowote wa lugha kwa kuwa amesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, halafu akifika akaambiwa akae mtihani wa kuzungumza ndipo akabidhiwe darasa. Wengi wetu linatushtua hilo.

Kinachopimwa kinaitwa umahiri. Ni kama mtu anaweza kuifanya kazi fulani kwa lugha ile: kueleza hatua za jaribio, kujibu swali asilolitarajia, kurudia maelezo kwa maneno mengine pale anapoona nyuso zimekunjamana. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, mahir, na Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311, anaeleza katika kamusi yake, Lisan al-Arab, kwamba ni stadi wa kazi yoyote ile, ila aliyesifiwa hivyo zaidi ni mwogeleaji hodari. Napenda picha hiyo. Mwogeleaji haulizwi amejifunzia ziwani au baharini. Anatazamwa kama anavuka.

Sasa tuje kwenye ufasaha, neno linaloteswa kuliko yote. Tumelibebesha mizigo miwili ya Kiingereza kwa mpigo: ule umahiri nilioutaja, na fluency, lile neno lao lenye asili ya Kilatini linalohusu kutiririka kwa maneno. Juu ya hiyo tukapakia wa tatu wa kwetu wenyewe, lafudhi. Msichana akitamka "th" kama "z", tunasema hana ufasaha. Kijana akibana pua na kumwaga ung'eng'e, tunasema ni fasaha hata kabla ya kusikiliza amesema nini.

Ukilirudisha neno kwenye asili yake, unakuta maziwa. Waarabu walisema maziwa yamekuwa fasih, yaani fasaha, pale povu lilipoondolewa juu yake yakabaki maziwa matupu. Kutoka hapo ndipo neno likahamia kwenye usemi: maneno yaliyoondokewa na povu, yanayoonekana hadi chini. Na kamusi ileile ya Ibn Manzur inamtaja mgeni moja kwa moja. Inasema asiye Mwarabu huhesabiwa amekuwa fasaha anapozungumza Kiarabu akaeleweka. Inaongeza kwamba wengine walitaka zaidi, yaani lugha yake inyooke hadi asikosee. Rai hiyo ya pili ni kali, lakini nayo inadai asikosee lugha. Haidai asikike kama mzaliwa wa Makka.

Waliopita madrasa wana ushahidi ulio karibu zaidi. Katika Sura Al-Qasas, Nabii Musa anasema nduguye Haruni ni fasaha zaidi yake wa ulimi, na anamwomba Mwenyezi Mungu amtume pamoja naye. Na ile dua ya Musa iliyo katika Sura Taha, ambayo watoto wetu huisoma kabla ya mtihani na watu wazima kabla ya kusimama mbele ya hadhara, anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe. Kwa nini? Jibu limo katika aya inayofuata: wapate kuelewa kauli yangu. Haja yake inaishia hapo, kwenye kueleweka.

Lafudhi ni jambo jingine kabisa. Asili yake ni kukitupa nje kilichomo mdomoni, ndiyo maana Kiarabu hulitumia neno hilo kwa kutema na kwa kutamka vilevile. Kila mwenye mdomo anayo namna yake ya kukitoa. Mzee wa Pemba anayo lafudhi, mwalimu wa Bukoba anayo, mfanyabiashara wa Lubumbashi anayo, na wote watatu wanaweza kuwa wasemaji fasaha wa Kiswahili au wote watatu wasiwe. Hapa kwetu jambo hili tunalijua vizuri. Likija suala la Kiingereza tu, linatutoka. Nairobi wana kitenzi kabisa cha kumchekea mtu ambaye lugha ya mama imejitokeza katika Kiingereza chake: ameshrabu. Sisi tuna Kiingereza cha kuombea maji, ambacho walau kinahusu uchache wa lugha yenyewe, si sauti ya mtu.

Kosa hili si letu peke yetu. Katika miaka ya 1980 wanafunzi na wazazi wengi wa Marekani walilalamika kwamba hawawaelewi walimu wasaidizi wa kigeni, na majimbo kadhaa yakatunga sheria. Ya Pennsylvania, ya mwaka 1990, ilivitaka vyuo vithibitishe kwamba wanaofundisha wanakimudu Kiingereza. Malalamiko mengine yalikuwa ya haki. Anayelipa ada anastahili kumwelewa anayemfundisha. Lakini mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha jaribio ambalo kila mtoa hukumu anapaswa kulifahamu. Wanafunzi walisikilizishwa somo lililorekodiwa kwa sauti ya mzungumzaji mmoja, mzaliwa wa Marekani. Baadhi waliwekewa picha ya mwalimu Mzungu, wengine picha ya mwalimu mwenye sura ya Kiasia. Waliotazamishwa sura ya Kiasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwemo kwenye ule ukanda, na walipopimwa, walikuwa wameambulia kidogo zaidi katika somo lenyewe. Masikio yao yalifuata macho.

Miaka mitatu baadaye, watafiti Murray Munro na Tracey Derwing walifanya kazi Kanada na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina cha Mandarin. Waliwataka wasikilizaji waandike neno kwa neno walichosikia, kisha wapime ukubwa wa lafudhi. Sentensi nyingi zilipewa alama za lafudhi nzito na watu walewale waliokuwa wameziandika bila kosa hata moja. Yaani walimwelewa kikamilifu mtu waliyesema ana lafudhi nzito. Hata TOEFL, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa miaka mingi ambapo kipengele chake cha kuzungumza kilihesabiwa kwa alama 30 na vyuo kadhaa vikidai 26 hivi kwa anayetaka kufundisha, mwongozo wake wa usahihishaji uliruhusu dosari ndogo za matamshi katika ngazi ya juu kabisa, mradi zisizuie kueleweka.

Sisemi matamshi hayana kazi. Yana kazi, ila mara nyingi si pale tunapopatazama. Nilizungumza kwa simu na binti mwenyewe. Katika mtihani alipewa dakika chache afundishe kitu kama yuko maabara, akaeleza namna ya kusoma ujazo wa kimiminika. Alitaja silinda. Waliokuwa wakimsikiliza wakatazamana. Akarudia, silinda, wakazidi kutazamana, hadi alipokishika kile chombo cha kioo na kukiinua, nao wakasema kwa pamoja, aah, wakilitamka neno lilelile kwa kukaza silabi ya kwanza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, naye alikuwa amelipeleka neno la watu kwa mwendo wa kwao: si-LIN-da. Ndivyo alivyofanya pia kwenye para-ME-ta, ambalo Waingereza na Wamarekani hulikaza kwenye "ra". Hiyo "th" aliyokesha akiihangaikia mbele ya kioo hakuna aliyeigusa katika maoni yao.

Utafiti nao unamwunga mkono. Laura Hahn, mwaka 2004, alichapisha matokeo ya kusikilizisha somo moja la mwalimu msaidizi kwa namna tatu: mkazo wa sentensi (yaani neno linalokazwa kuliko mengine katika sentensi) ukiwa mahali pake, ukiwa umehamishwa, na ukiwa haupo. Mkazo ulipokaa sawa, wanafunzi walikumbuka mengi zaidi na walimpenda zaidi mwalimu. Lafudhi yake ya Kikorea ilikuwepo mara zote tatu.

Ndiyo maana msaada mzuri wa vyuo hivyo hauahidi kumfuta mtu lafudhi. Huwa kuna kozi ya muhula mmoja au zaidi, mazoezi ya kufundisha yanayorekodiwa kwa video, mwalimu wa lugha anayekaa na mtu mmoja mmoja, pengine mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayelipwa kuwa msikilizaji. Wanafundishwa mkazo, kituo, kuandika ubaoni neno gumu kabla ya kulitamka, na kuuliza "mmenifuata hadi hapa?" kwa namna ambayo Mmarekani wa miaka 18 atathubutu kujibu hapana. Binti yetu amewekwa kwenye kozi hiyo. Kwa sasa anasahihisha kazi na posho yake haijakatwa. Mtihani atarudia mwisho wa muhula.

Kwa hiyo, mzee wangu, kwa heshima zote: mtu akikuuliza amekwama wapi, mwambie hajafikisha alama za umahiri wa kuzungumza. Ukipenda kutaja ufasaha, sema anaufanyia kazi, kwa maana ile ya maziwa. Lafudhi ya Kisukuma iache. Hawakumpima hiyo, na hawajamwomba aiache.