Kwa nini kimbunga huanza na paa?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kimbunga huangusha nyumba kwa kuisukuma, na kwamba dawa yake ni uzito: panga mawe na matairi juu ya mabati, paa litatulia. Imani hiyo imeenea sana. Ukipita vijijini utayaona mawe hayo juu ya nyumba nyingi.

Sivyo. Ukuta ndio unaosukumwa. Paa huvutwa juu.

Upepo ukifika kwenye nyumba hulazimika kuukwea ukuta na kuruka ukingo wa paa. Hapo huongeza kasi, huachana na bati, na mgandamizo wa hewa juu ya bati hushuka. Hewa ya ndani, yenye mgandamizo mkubwa zaidi, hulisukuma kutoka chini. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, nyumba hujaa upepo kama tanga la jahazi. Kwa hiyo ushauri wa kufungua madirisha ili upepo upite nao ni wa hatari.

Sasa pima. Mita moja ya mraba ya bati la kawaida ina kilo tatu hivi. Upepo wa kilomita 180 kwa saa una nguvu ya takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Nguvu hiyo hailingani kila mahali, maana mteremko na umbo la paa huibadilisha, na kona na kingo ndizo huumia zaidi. Lakini jiwe la kilo kumi halifui dafu hapo, na likishaondoka na bati huenda kumwangukia mtu.

Fikiria gunia la mkaa juu ya baiskeli. Halitulii kwa sababu ni zito. Linatulia kwa sababu mipira imelibana kwenye keria. Paa ni vivyo hivyo: bati lishikwe na papi (mbao zinazobeba bati), papi na kenchi (fremu ya mbao ya paa), kenchi na mtambaapanya (boriti iliyolala juu ya ukuta), mtambaapanya na nguzo, nguzo na ardhi. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote ni kazi bure. Okota bati lililong'olewa ulitazame matundu yake. Likiwa limechanika na kupanuka, bati lilipita juu ya kofia ya msumari. Tundu likiwa dogo na msumari bado umo, basi ni mti uliouachia.

Kimbunga Idai kilipotua karibu na Beira, Msumbiji, Machi 2019, kiliharibu nyumba zaidi ya laki mbili. Wiki sita baadaye Kenneth kikapiga Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Si nyumba zote zilizochukuliwa na upepo. Huko Buzi, karibu na Beira, mafuriko ya Idai yalizibomoa nyumba za udongo, na waya wa kufungia paa hauzuii maji.

Waathirika wengi huanza upya na turubai la mita 4 kwa 6, nalo huvutwa vilevile. Ukilipigilia msumari mtupu, litachanika palepale kwenye tundu. Mafundi huweka kokoto laini ndani ya pembe ya turubai, wakalikunja juu yake, kisha wakaifunga kamba shingoni mwa kile kifundo. Upepo ukivuta, kamba hukaza kwenye kokoto, na turubai halina tundu la kuanzia kuchanika.